Jina la Zenaida Nililitaja Mimi

Oxnard, California
Jumapili, 23 Februari 2025

Mpendwa Mamdogo Natividad,

Nainama na kuubusu mkono wako, kama ulivyotufundisha kuwasalimu wakubwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kuuma na baridi ya huko mlimani imeanza kulegea. Babamdogo Amadeo hajambo? Kile kikohozi kimemwacha, au bado anakataa dawa na kusema ni vumbi la mahindi? Mimi mwili wangu ni mzima. Kazi ninayo, chakula ninapata. Kilichobaki ni moyo, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Najua atakayekusomea ni wifi yangu Abundia. Abundia, naandika Kihispania, wewe umgeuzie kwa lugha yetu neno kwa neno. Ukifika mahali pagumu usilainishe wala usiruke. Mwache asikie yote.

Mamdogo, uliponipigia simu sikukuu ya Kandelaria, mwanzoni mwa mwezi huu, ukaniuliza mbona Zenaida hapokei simu zako, nilikuambia simu yake imeharibika. Haikuharibika. Hapokei kwa sababu hataki kukudanganya, na kukuambia kweli hawezi. Mwanao alifukuzwa kazi ya usimamizi kiwandani tangu Septemba. Sasa anachuma stroberi shambani, kainama kutwa nzima na mgongo wake ule ule unaoujua. Na aliyemfikisha hapo ni mimi niliyelala naye mkeka mmoja nyumbani kwako.

Sikuiba wala sikumsingizia. Nilisema kweli mbele ya wakili, na ndani ya ile kweli jina lake lilikuwamo. Nimejiambia hivyo mara nyingi, lakini hainipi usingizi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hiyo ni haki yako uusikie kutoka kwangu kabla hujausikia sokoni.

Unakumbuka kwamba yeye ndiye aliyenileta huku. Alinipokea kituo cha basi, akanipa kitanda chake, yeye akahamia kwenye kochi. Akaniingizia ombi kiwandani, kwenye mstari wa kufungasha mboga za seleri aliokuwa akiusimamia. Siku ya kwanza tulipokuwa tunakwenda, alizima redio ya gari akaniambia nisije nikamwita dada kwa lugha yetu mbele za watu.

"Pale mimi ni mtu wa mjini, wa Guadalajara," akasema. "Ukinisemesha kilugha mbele ya Hollis, tumekwisha wote wawili."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Hollis ndiye meneja. Hajui hata Kihispania vizuri, lakini alikuwa na masikio ya kutambua lugha yetu kutoka mwisho wa jengo. Amri yake ilikuwa hakuna kilugha kwenye mstari. Sisi watu wa milimani tulipewa kuosha kreti huko nyuma, mikono ndani ya maji baridi yenye dawa tangu asubuhi. Waliotoka mijini ndio walioshika mizani, ndio walioendesha mashine za kunyanyulia mizigo. Sikuwahi kumwona mtu wetu hata mmoja amekalia mashine ile. Walituita wafupi. Wengine walituuliza kama kweli kwetu watu hulala na mbuzi.

Kulikuwa na mama mmoja, Eleuteria, wa kijiji kile cha ng'ambo ya mto. Umri wake haupishani sana na wako. Kihispania anajua maneno ya kununulia chumvi tu. Walipouliza habari za mbuzi, yeye aliwajibu kwa lugha yetu, tena kwa upole na tabasamu, "Ndiyo, na mbuzi wetu wananawa kuliko nyinyi." Wao wakadhani anashukuru. Sisi tuliinamisha vichwa kwenye kreti tukacheka mpaka machozi. Siku moja nilimwona Zenaida amesimama karibu, amejiuma mdomo asicheke.

Basi mwaka jana, majira ya mavuno mengi, watu hawakutosha wakatuleta mimi na Eleuteria kwenye mkanda wa mashine. Hakuna aliyetueleza namna ya kukaa nao. Nilikuwa upande wa pili nikaona glavu yake imenaswa, na mkono unaifuata. Nikapiga kelele kwa lugha pekee ambayo angeielewa. Vuta mkono. Akauvuta. Glavu ikaingia kwenye mashine, mkono ukabaki.

Hollis akatoka ofisini. Hakuuliza habari za mkono. Aliuliza nani aliyekuwa anapiga kelele, na kwa lugha gani. Akamsemesha Zenaida kwa Kiingereza, maneno machache, kisha akarudi ndani. Zenaida akatugeukia, uso umekauka.

"Sheria mnaijua," akasema kwa Kihispania. "Otilia na Eleuteria, vueni aproni. Mtakaa nyumbani mpaka mtakapoitwa."

"Mkono wake ungekatika, Zenaida."

"Ungepiga kelele kwa Kihispania."

"Angeelewa nini?"

Akanyoosha kidole mlangoni. "Nenda, Otilia. Usinifanye niseme mara mbili."

Hatukuitwa tena. Nyumbani Zenaida aliniwekea chakula kama kawaida, akasema nivumilie Hollis apoe. Lakini wiki zilipita, na nafasi zetu zikajazwa na watu wengine, wote wa mijini. Nikaelewa kwamba hakuna wa kupoa.

Redio ya watu wetu huku hutangaza kwa lugha yetu. Siku moja walitangaza kwamba kila Jumapili kuna wakili anakaa ukumbi wa parokia, anasikiliza wafanyakazi bila malipo. Nikamwambia Eleuteria twende. Alikataa kwanza, maana hana karatasi za kuishi huku. Alisema mtu asiye na karatasi kwenda kumshtaki mwajiri ni sawa na kuku kwenda kumshtaki kicheche, tena kwa kicheche mwenyewe. Nilimbembeleza mpaka akajitanda shawli tukaenda.

Wakili anaitwa Okamura, mwanamke mfupi kama sisi, mkimya. Mkalimani wake, Crescencio, ni mtu wetu lakini wa bonde la mbali, na unajua lugha yetu inavyobadilika ukivuka kilima. Neno ambalo kwao ni "subiri," kwetu ni "mama mkwe." Kila akituambia tusubiri, Eleuteria anauliza mama mkwe wa nani. Angalau hofu ikapungua.

Mamdogo, nikuandikie na haya aliyotuambia yule wakili, umweleze mtu yeyote wa kijijini anayejiandaa kuja huku, maana sisi hakuna aliyetuambia. Sheria ya jimbo hili haimruhusu mwajiri kuwakataza watu lugha yao kwa sababu tu masikio yake hayaipendi. Lazima iwe kazi yenyewe haiwezi kwenda salama bila katazo hilo, na hata hapo awaeleze mapema. Kwetu lugha ndiyo iliyookoa mkono. Kuwapanga watu kazi mbaya kwa sababu ya walikozaliwa ni ubaguzi, hata kama bosi hajatoa tusi. Tena sheria hiyo inamlinda mfanyakazi mwenye karatasi na asiye nazo. Na bosi akimwadhibu mtu kwa sababu amelalamika, hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Alituonya tusitie saini karatasi yoyote ambayo hatujasomewa kwa lugha tunayoielewa, na tusikae sana, kwa sababu muda wa kulalamika una mwisho wake.

Kisha akauliza ni nani hasa aliyetufukuza kwenye mstari. Nikajibu, msimamizi. Akauliza msimamizi gani. Nikajibu tena, yule wa mstari wetu.

"Dada, wakili anauliza tena," Crescencio akasema.

Wakili hakunikaripia. Alinieleza kwamba lalamiko ni dhidi ya kampuni, lakini hawezi kuandika kwamba amri ilitoka hewani. Eleuteria alikuwa kando yangu, ule mkono wake umelala mapajani. Nikasema, "Zenaida, dada yangu." Crescencio akaacha kuandika. Akaniuliza polepole kama na hilo neno dada aligeuze au aliache. Nikamwambia aligeuze.

Hapo sioni kosa langu, Mamdogo. Kosa langu ni lililofuata. Nilirudi nyumbani nikala kwenye meza ya Zenaida, nami sikumwambia. Wakili alikuwa ameniambia wazi kwamba hakuna kinachonizuia kumwambia ndugu yangu. Mimi ndiye niliyeogopa. Niliogopa atalia, nami akilia nitakwenda kufuta kila kitu. Kwa hiyo nilikaa naye majira yote ya joto nikimwoshea vyombo, nikimkanda mgongo, na huku najua kinachokuja. Sikuwa na ujasiri wa kusema hata asubuhi ile ya Septemba aliponiuliza kama nitapika maharagwe.

Siku hiyo alirudi mchana, viatu vyake vya kazi amevitia kwenye mfuko. Akakaa bila kuvua koti.

"Kampuni imejibu," akasema. "Wanasema hawajawahi kuwa na amri kama hiyo. Wanasema niliitunga mimi, kwa chuki zangu mwenyewe."

Nikaanza kusema sikutaka iwe hivyo. Akainua mkono.

"Umekaa na jambo hili muda wote, hapa mezani kwangu. Ungeniambia, Otilia. Ningekasirika, labda ningekufukuza. Lakini ningejua. Ningekwenda kazini nikijua."

Nilikusanya nguo zangu nikahamia kwa Eleuteria, anakopanga gereji ya watu. Zenaida hakunifukuza. Alikaa tu palepale na koti lake mpaka nikatoka.

Wakili Okamura aliposikia jibu la kampuni alikasirika, ingawa yeye akikasirika husema polepole zaidi. Alisema wamemfanya Zenaida mbuzi wa kafara. Amri iliyotoka juu wamembebesha aliyeisema, wamemtosa, sasa wanataka wasafike. Akasema Zenaida naye ana haki zake, maana alilazimishwa kuficha asili yake ili apate kula, na akitaka anaweza kupata wakili. Na kama angesema amri ilitoka wapi, kampuni isingekuwa na pa kujificha. Lakini akaniagiza nimweleze tu kwamba mlango uko wazi, nisimsukume.

Nilikwenda. Alifungua mlango nusu. Nikamsalimu kwa lugha yetu, akajibu kwa Kihispania. Nikamweleza yote, kwa haraka, kama mtu anayesoma sala asiyoielewa.

"Nilipofika hapa niliosha kreti mpaka kucha zikang'oka," akaniambia. "Hakuna aliyenipeleka kwa wakili. Nilijifunza kusema kama wao, kutembea kama wao, nikatoka. Nilikuwa nimeshatoka, Otilia. Wewe umenirudisha."

Akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepata nafuu.

Mkutano wa usuluhishi ulifanyika Januari hii, baada ya sikukuu. Upande mmoja alikaa Hollis na wakili wa kampuni, upande mwingine sisi, na katikati msuluhishi. Tulikuwa tumekwisha anza mlango ulipofunguliwa akaingia Zenaida, amevaa ile blauzi yake ya kanisani uliyomtarizia. Akakaa mwisho wa meza, mbali nami. Baadaye ndipo nilipojua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempigia wakili simu.

Alisema kwa Kihispania. Alieleza kwamba Hollis ndiye aliyempa amri hiyo tangu siku alipompandisha cheo, na kwamba maneno yake yalikuwa haya: "Nyamazisha watu wako, ama nitakutoa pamoja nao." Alieleza nani walipelekwa kwenye kreti na kwa nini. Hollis akawa anatazama dirisha.

Tulidhani amemaliza. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Si yote yalikuwa ya Hollis. Huyu mama nilimpeleka kwenye kreti mimi mwenyewe. Alinisalimu kwa lugha yetu mbele za watu, nikaona haya."

Crescencio akamtafsiria Eleuteria. Eleuteria akamgeukia Zenaida, akamjibu kwa lugha yetu.

"Nilikusalimu kwa sababu nilikujua siku ya kwanza. Nilikuwa nikiuza pilipili kando ya mama yako sokoni. Hiyo pua ni ya Natividad, mwanangu. Utaificha wapi?"

Mamdogo, mwanao aliinamisha uso akalia mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza. Sikuthubutu kuinuka kumfuata. Aliyeinuka ni Eleuteria.

Baada ya hapo kampuni haikubishana sana. Wamekubali kuifuta ile amri na kuwatangazia watu wote. Maelezo ya usalama wa mashine sasa hutolewa na kwa lugha yetu. Mimi na Eleuteria tumerudishwa kazini, tukalipwa siku tulizokosa. Hollis amehamishiwa kwingine, sijui wapi, na wala sijui kama ameelewa lolote. Kijana mmoja wa kwetu anajifunza kuendesha mashine ya mizigo. Amegonga nguzo mara moja, na hakuna aliyesema ni kwa sababu anatoka milimani.

Zenaida hawakumrudisha. Walisema mwenyewe amekiri. Wakili alimwambia anaweza kufungua shauri lake, kwamba kukiri kwake hakufuti aliyofanyiwa. Akajibu atafikiri. Huo ndio ukweli ninaoshindwa kuumeza, kwamba aliyesema kweli yote, hata ile ya kumwumiza mwenyewe, ndiye pekee aliyeondoka bila kitu. Mimi niliyeficha nimerudi kazini.

Tena wiki mbili zilizopita waliniita ofisini wakanipa nafasi yake. Walisema wanahitaji msimamizi anayejua lugha zote mbili. Nilikataa. Eleuteria aliniita mjinga, akasema kiti hakina kosa. Labda. Sijui kama nilikataa kwa kumheshimu dada yangu, au kwa kuogopa kusimama pale aliposimama yeye na kujua ningefanya nini.

Ninakuomba jambo moja. Mtafute Zenaida. Kama hapokei simu yako, jaribu kwa simu ya Abundia. Usimwambie anisamehe, usinitetee hata kwa neno moja. Mwambie tu kwamba umeshajua yote, asiwe na haja ya kukuficha. Nadhani hicho ndicho kinachomzuia kupokea. Kuhusu mimi, ukitaka kunigombeza nigombeze, nitapokea simu.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini leo mchana kumetokea kitu.

Nimepita ukumbi wa parokia kumpelekea Crescencio mikate ya tortilla aliyoagiza kwa Eleuteria. Kwenye foleni ya wakili nikamwona Zenaida. Amepungua, jua limemchoma shingo. Hakuja kwa ajili yake. Alikuwa na wasichana wawili wanaochuma naye shambani, wageni kabisa, mmoja mjamzito ambaye mnyapara amemwambia asirudi mpaka azae. Zenaida alikuwa akiwaeleza kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida, watu wote wakisikia. Akimwambia yule mjamzito asitie saini kitu, na asiogope mambo ya karatasi.

Nilisimama na kikapu changu, sikujua kama niondoke. Akageuka akaniona. Mamdogo, tangu afunge ule mlango hajanisemesha neno. Alinitazama, akatazama mlango wa wakili, akanitazama tena.

"Foleni inaanzia nyuma," akaniambia kwa lugha yetu. "Sisi tumetangulia."

Sikuwa na shauri lolote la kumpelekea wakili. Nikaenda nyuma yao, nikasimama.

Msalimie Babamdogo Amadeo, wifi Abundia na watoto wake, na bibi Casimira kama bado anakaa mlangoni akihesabu wapitao. Eleuteria anakusalimu sana, anasema unamdai salamu tangu enzi za pilipili. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na akuweke mpaka tukuone sote wawili.

Ni mimi mwanao uliyemlea, anayekupenda na kukuonea haya,

Otilia